Shajara ya staji: nakala inayobaki kwa mlalamikaji

Wiki ya 1, Lubumbashi

Nimemaliza siku 5 za kwanza za staji yangu, yaani mafunzo ya kazi, ya miezi 4 katika shirika dogo la haki za binadamu lenye ofisi ya vyumba 2 katika komini ya Kamalondo. Kazi niliyokabidhiwa inaingia katika sentensi moja: kuchunguza kama watu wanaoishi karibu na mgodi mmoja wa shaba na kobalti, kwenye barabara iendayo Likasi, wana njia ya kulalamika wanapodhurika, na kama njia hiyo inafika popote. Jina la kampuni halitaandikwa humu, wala majina ya watu. Vijiji viwili tunavyofanyia kazi nitaviita Mtoni na Njiapanda, kwa sababu shajara hii itasomwa pia na washirika wetu wa ng'ambo, na karatasi ikishatoka mkononi huwezi kujua itaishia wapi.

Msimamizi wangu ni wakili, nasi sote tunamwita Maître. Siku ya kwanza alinipa Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa kuhusu Biashara na Haki za Binadamu, zile zilizopitishwa na Baraza la Haki za Binadamu mwezi Juni 2011 baada ya kazi ya miaka 6 ya Profesa John Ruggie, akaniambia nizisome mara mbili kabla ya kumuuliza swali. Ni kanuni 31 zinazosimama juu ya nguzo 3: serikali ina wajibu wa kuwalinda watu, kampuni ina wajibu wa kuheshimu haki zao, na aliyedhurika lazima apate pa kwenda ili madhara yarekebishwe. Nguzo ya tatu ndiyo mradi wetu. Nilipomrudia nikiwa na maswali mengi, alijibu moja tu, kwamba nguzo mbili za kwanza zina wasemaji wengi katika mikutano ya hoteli, na hiyo ya tatu husemewa na watu ambao hawana nauli ya kufika mjini.

Wiki ya 2

Wiki ya kusoma sheria za nyumbani, za Kongo. Kanuni ya Madini ya mwaka 2002 ilirekebishwa kwa sheria ya tarehe 9 Machi 2018, na baada ya marekebisho hayo watu wa vijijini wana mambo matatu ambayo karibu kila mtu huyachanganya, hata baadhi ya viongozi tuliokutana nao. Nayaandika hapa kwa utaratibu, kwa sababu nitayahitaji nikisimama mbele ya watu.

La kwanza ni mrabaha ambao kampuni hulipa kwa madini inayouza. Asilimia 50 huenda serikali kuu, 25 jimboni, 15 kwenye mamlaka ya chini ambamo mgodi umo, kama vile komini, sekta au sheferi, na 10 kwenye mfuko wa vizazi vijavyo. La pili ni mchango wa maendeleo ya jamii, usiopungua asilimia 0.3 ya mauzo ya mwaka, unaosimamiwa na chombo chenye wawakilishi wa kampuni na wa jamii zenyewe. La tatu ni daftari la masharti, ambalo huku kwetu kila mtu huliita kwa Kifaransa, cahier des charges: mkataba ambao kampuni hujadiliana na vijiji vilivyoguswa na mradi, ikiahidi shule, kisima, zahanati au barabara kwa kipindi cha miaka 5. Mrabaha haulipi deni la ahadi, na kisima kilichoahidiwa hakifuti fidia ya shamba lililochukuliwa. Fidia ni jambo la nne, nayo ni ya mtu aliyepoteza, si ya kijiji kizima.

Nimetumia siku nzima kufikiria kwa nini mambo haya yanachanganywa, na jibu langu ni la kihistoria. Babu yangu alikuwa mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Kampuni hiyo, na Union Minière iliyoitangulia tangu mwaka 1906, ilikuwa baba na mama: ilitoa nyumba, shule, hospitali, na unga wa bukari uliofika nyumbani kila mwezi bila mtu kuuliza bei. Mambo yalipoharibika katika miaka ya 1990, na zaidi ya wafanyakazi 10,000 kuondoka kwa mpango wa mwaka 2003 uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, watu wa eneo letu la Katanga hawakupoteza mishahara tu, walipoteza mzazi. Kampuni mpya inapokuja na kujenga darasa, mzee anashukuru kama mtoto anavyoshukuru, ilhali sheria ya leo inasema darasa hilo ni ahadi iliyotiwa saini, nayo huhesabiwa. Kwa maoni yangu, nusu ya kazi yetu ni kulitoa neno "msaada" na kuliweka neno "deni" mahali pake.

Wiki ya 3, safari ya kwanza

Tumefika Mtoni saa 4 asubuhi. Ni kiangazi, na vumbi la malori limekaa juu ya majani ya miembe hadi huwezi kutambua rangi yake. Kabla ya jambo lolote Maître alikwenda kumsalimu chifu na kumweleza tumekuja kufanya nini, kisha akaniacha niketi na akina mama waliokuwa wakianika mihogo. Walinionyesha mihogo yenyewe. Ukiipangusa kwa kidole, kidole kinatoka na unga mwekundu.

Mama mmoja, mwenye umri wa bibi yangu, aliingia ndani na kurudi na mfuko wa nailoni uliowahi kuwa wa sukari. Ndani yake mlikuwa na karatasi moja iliyokunjwa mara nne, ambayo mikunjo yake ilikuwa imeanza kutoboka. Ni fomu ya fidia, kwa Kifaransa, ya wakati kampuni ilipopanua barabara ya malori. Kuna safu ya aina ya miti, ya idadi, ya bei na ya jumla. Kwenye safu ya idadi pameandikwa 9. Chini kuna alama ya dole gumba, wino wa zambarau, nusu yake ndani ya kisanduku na nusu nje, kama ya mtu aliyeshikwa mkono na kuharakishwa. Mama anasema miembe na miparachichi yake iliyokatwa ilikuwa 14. Anasema alilisema hilo siku ileile, na aliyekuwa akiandika alimjibu kwamba atalipeleka mbele.

Nilifungua daftari langu na kuanza kuandika maelezo yake. Alinitazama kwa muda, kisha akaniuliza kwa upole kabisa:

"Mwanangu, weye unaandika. Miye nabakia na nini?"

Sikuwa na jibu. Alinieleza kwamba watu wa kampuni walikuja na daftari, watu wa serikali walikuja na daftari, wageni kutoka Ulaya walikuja na daftari na kamera, na kila mmoja aliondoka nalo. Yeye amebaki na karatasi hii moja, nayo ina hesabu asiyoikubali. Nimeandika swali lake kwenye ukurasa wa kwanza wa mpango wa kazi, juu ya malengo tuliyowaandikia wafadhili.

Wiki ya 5

Tumeruhusiwa kuona utaratibu wa kampuni wa kupokea malalamiko. Nimshukuru afisa wa mahusiano na jamii, ambaye alitupokea kwa heshima na kujibu maswali yetu yote. Upo utaratibu, tena umeandikwa vizuri: hatua, muda wa kujibu, ngazi ya rufaa. Kanuni ya 29 inazitaka kampuni ziwe na njia kama hii karibu na watu, na kanuni ya 31 inaeleza sifa zake: iaminike, ifikike, itabirike, iwe na usawa, iwe wazi, iendane na haki zinazotambuliwa kimataifa, iwe chanzo cha kujifunza, na ijengwe juu ya mazungumzo na watu wenyewe.

Nilikuwa nimeandaa jedwali la sifa hizo 8 ili niweke alama. Sikulihitaji sana baada ya kuona sanduku lenyewe. Ni zuri, la chuma, lenye kufuli, limetundikwa kwenye ukuta ulio ndani ya lango, hatua chache baada ya kizuizi cha walinzi. Anayetaka kutumbukiza lalamiko anatoa kitambulisho kwa mlinzi, anaandikwa jina na saa, kisha anaingia. Na kama lalamiko lenyewe ni kuhusu mlinzi? Fomu ni ya Kifaransa peke yake, ilhali mama wa Mtoni anazungumza Kibemba na Kiswahili na hakupata bahati ya kwenda shule. Ukishaitumbukiza, hupewi kitu chochote. Wiki 3 baadaye huwezi kuthibitisha kwamba ulilalamika, sembuse kudai jibu.

Afisa alisema malalamiko ni machache, na kwamba huo ni ushahidi wa uhusiano mwema. Nilimweleza, kwa adabu niliyoweza, kwamba katika vijiji viwili tulikuwa tumesikia malalamiko 38 kwa siku 4. Alinyamaza, kisha akaomba nimwonyeshe. Sikuweza kumwonyesha, na sababu yake naiandika katika wiki inayofuata.

Wiki ya 6

Kosa langu. Orodha ya malalamiko 38 niliiandika kwa majina kamili, na kwa kuwa nilitaka kuwa na nakala, niliipiga picha kwa simu ileile ninayotumia kwa mambo yote. Maître alipoiona aliniketisha chini. Aliniuliza kitatokea nini simu hii ikipotea kwenye basi la Kenya, komini ya hapa mjini, ikaokotwa na mtu mwenye ndugu katika ulinzi wa mgodi, na kijana mmoja kati ya hao 38 awe kibarua wa kampuni hiyohiyo. Nilifuta picha mbele yake. Tulikaa hadi usiku tukiandika upya kila lalamiko kwa namba, huku majina yakibaki kwenye karatasi moja iliyofungiwa kwenye kabati la ofisi. Siku iliyofuata nilirudi vijijini na kumwomba kila mtu ruhusa upya, nikimweleza ni nini kitaonyeshwa kwa kampuni na ni nini hakitaonyeshwa. Watu 6 walikataa. Malalamiko yao yametolewa, na sasa ni 32.

Jioni za wiki hii nimesoma kesi ya Kilwa, kwa sababu Maître anaona hakuna anayefaa kufanya kazi hii Lubumbashi bila kuijua. Oktoba 2004 kundi dogo la waasi liliuteka mji huo ulio kando ya ziwa Mweru, na jeshi lilipourudisha raia zaidi ya 70 waliuawa. Magari ya kampuni ya Anvil Mining, iliyokuwa ikichimba shaba na fedha huko Dikulushi, yalitumiwa na wanajeshi. Kampuni ilisema yalichukuliwa kwa amri. Mwaka 2007 mahakama ya kijeshi ya hapa mjini iliwaachia huru wafanyakazi wa kampuni walioshtakiwa. Familia zilijaribu Kanada, na mwaka 2012 mlango huo pia ukafungwa. Mashirika, likiwamo moja la Lubumbashi, yalikuwa yameifikisha kesi kwenye Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo uamuzi wake ulitangazwa mwaka 2017: serikali ya Kongo iwalipe waathirika 8 na familia zao dola milioni 2.5 na ifungue upya uchunguzi. Karibu miaka 13 tangu mauaji hadi uamuzi kutangazwa. Nilipofunga faili nilifikiria ni nani aliyetunza karatasi kwa miaka yote hiyo, na katika mfuko wa aina gani.

Wiki ya 8

Nimetafsiri daftari la masharti kwa Kiswahili, kurasa 22. Kazi hii imenipa shida kuliko nilivyotarajia, na nadhani shida hiyo ni sehemu ya matokeo ya mradi. Neno "haki" kwetu linabeba kile mtu anachostahili na pia uamuzi wa mahakama, hivyo kila mara lilihitaji neno la pili pembeni yake. Kile ambacho Kifaransa hukiita "réparation" nilikitafsiri kwanza kama "matengenezo", na mzee mmoja wa Njiapanda akaniuliza kama kampuni inakuja kutengeneza baiskeli. Tumekubaliana juu ya "kurekebisha madhara", na "fidia" pale panapohusu pesa. Wajibu wa kampuni kuchunguza mapema madhara inayoweza kuyaleta, ambao katika vitabu una jina refu, wao wenyewe waliuita "kuangalia kabla ya kukanyaga". Nimeuacha hivyo.

Tuliisoma tafsiri kwa sauti chini ya mwembe, ahadi moja baada ya nyingine. Kwenye ahadi ya kisima cha pili watu walitazamana. Hakuna aliyekuwa akijua kwamba kiliahidiwa, ingawa mwaka wa kukichimba umekwisha kupita. Chifu alisema kwamba alitia saini, naam, lakini alisomewa kwa haraka na hakuachiwa nakala. Hakuona aibu kulisema mbele ya watu wake, na nimemheshimu kwa hilo.

Wiki ya 9

Ripoti ya nusu ya muda kwa washirika wa ng'ambo. Wanataka idadi ya watu waliofunzwa, wanaume kwa wanawake. Tumeitoa. Nimependekeza kipimo kingine: idadi ya malalamiko yaliyojibiwa kwa maandishi, na muda uliopita kati ya siku ya kulalamika na siku ya jibu. Wamekubali. Wao wana kazi yao kule, kwa maana zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, na wanunuzi wanatakiwa na mwongozo wa mwaka 2011 wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi tajiri, kuujua mnyororo mzima hadi mgodini. Mnunuzi akiulizwa na mtu aliyeshika tarehe na namba, hawezi kujibu kwa brosha.

Wiki ya 11

Daftari limepatikana. Nilizunguka maduka ya vifaa vya ofisi mjini hadi nikapata vitabu vya stakabadhi vyenye kurasa tatu tatu, nyeupe, buluu na waridi, pamoja na karatasi za kaboni. Mpango ni huu: lalamiko linaandikwa kwa Kiswahili na mwandishi aliyechaguliwa na kijiji, si na kampuni wala si na sisi. Linasomwa kwa sauti mbele ya mlalamikaji kabla ya kutiwa dole. Ukurasa mweupe unakwenda kwa afisa wa kampuni, ambaye anatia saini na tarehe ya kupokea kwenye kurasa zote tatu. Wa waridi unabaki kwa mwandishi. Wa buluu unabaki kwa mlalamikaji.

Mjadala mrefu ulikuwa juu ya nani awe mwandishi. Njiapanda walimchagua mwalimu wa shule ya msingi bila ubishi. Mtoni wanaume walimtaka katibu wa chifu, akina mama wakakataa, wakisema kuna mambo ya walinzi na mabinti ambayo hawawezi kuyasema mbele ya mwanamume. Maître hakuingilia. Baada ya saa 2 walichagua wawili, katibu na muuguzi wa zahanati, kila mmoja na kitabu chake. Sikuwa nimelifikiria hilo katika mpango, na ningefanya vibaya kama ningeleta kitabu kimoja na kuondoka.

Kampuni imekubali kupokea kurasa nyeupe kila Ijumaa, kijijini, si langoni. Ninaamini afisa yule alipigania jambo hili ofisini kwao.

Wiki ya 13

Majibu ya kwanza. Kuhusu vumbi, lori la maji sasa linapita mara 2 kwa siku, asubuhi na mchana. Mwandishi wa Njiapanda anaandika kila siku lilipopita na siku ambayo halikupita. Kuhusu nyufa za nyumba baada ya milipuko, kampuni imesema milipuko haikuzisababisha, jibu ambalo watu hawalikubali, ila safari hii limeandikwa, lina saini, na linaweza kukatiwa rufaa. Kuhusu kisima, kimya. Kuhusu rangi ya maji ya mto, wameomba muda wa kuchukua sampuli, nasi tumeomba sampuli ichukuliwe pamoja na wajumbe wa kijiji, chupa mbili kutoka mahali pamoja kwa wakati mmoja.

Wiki ya 15, safari ya mwisho

Mvua ya kwanza imenyesha jana usiku, na barabara ina utelezi. Lalamiko namba 7, la mama wa miti 14, lilijibiwa wiki iliyopita: kampuni imekubali hesabu irudiwe. Tumemkuta mama na mjukuu wake wamekwisha kumaliza kazi kabla yetu. Wamefyeka nyasi kandokando ya barabara, na kila kisiki wamekipaka chokaa.

Afisa alitembea na daftari lake, mwandishi na kitabu chake, mama akatangulia mbele yetu sote. Alihesabu kwa sauti, akigusa kila kisiki kwa fimbo na kutaja kama kilikuwa mwembe au mparachichi. Vilikuwa 12. Alipofika ukingoni mwa barabara alisimama, akaelekeza fimbo katikati ya njia ya malori, akasema viwili viko huko chini. Majirani watatu walisogea na kusema wanavijua, mmoja akataja mwaka ambao mwembe ule mkubwa ulipigwa na radi ukapona.

Afisa aliandika 12. Kisha pembeni akaandika: 2 chini ya barabara, kwa ushahidi wa majirani. Mwandishi alisoma yote kwa sauti, Kiswahili, mara mbili. Mama alitia dole lake mwenyewe, taratibu, ndani ya kisanduku, akasubiri wino ukauke, akaukunja ukurasa wa buluu na kuuingiza kwenye mfuko wa nailoni pamoja na ile karatasi ya zamani. Safu ya malipo bado iko tupu. Tarehe ya jibu ni Ijumaa ya wiki ijayo, na mwandishi ndiye atakayekuwepo.